Soketi za C: kwa nini ujumbe wako unafika umegandana

Wiki hii nimeulizwa hilo mara tano. Naandika hapa, atakayeniuliza tena nampa linki. Soketi ni ncha ambayo programu huitumia kuzungumza na nyingine mtandaoni. Hapa ni TCP (njia ya mtandao inayofikisha data kwa mpangilio), kwenye Linux.

1. Seva: socket(), bind(), listen(), accept(). Usiruke.

2. Mteja: socket(), connect(). Namba ya poti (mlango wa seva) ipitishe kwenye htons(), inayopanga baiti kwa utaratibu wa mtandao.

3. Kutuma. Hapa ndipo nilipoumbuka. Niliandika programu ya mizani ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki Mwanza: kompyuta ya mwaloni inatuma kilo, ya ofisini inaandika. Nyumbani ilikubali, kwa sababu nilikuwa natuma moja moja kwa mkono. Mwaloni, gunia la kilo 45 na la kilo 12 yakapimwa harakaharaka, ofisini ikaingia kilo 4512. Mwenye mzigo akataka alipwe hizo hizo.

TCP haijui ujumbe, inajua baiti zinazofuatana. Mwaga sado mbili za dagaa kwenye turubai moja, halafu nioneshe ya kwanza imeishia wapi. Kwa hiyo tanguliza baiti 4 za urefu, yaani uint32_t iliyopita htonl() (kama htons(), ila ya baiti 4). Mpokeaji asome hizo 4, azigeuze kwa ntohl(), kisha asome idadi hiyo kamili.

ONYO: send() inaweza kuchukua baiti 300 kati ya 1000 ulizoipa. Zungusha (s ni soketi, p ni data, n inaanza na 0):

while (n < urefu) {
  ssize_t k = send(s, p + n, urefu - n, MSG_NOSIGNAL);
  if (k <= 0) return -1;
  n += k;
}

recv(), ya kupokea, nayo hivyo hivyo. Ikirudisha 0, mwenzako ameshafunga. MSG_NOSIGNAL usiitoe: ukituma kwa aliyekwisha kukata, ishara ya SIGPIPE inaiua programu yako.

4. close().

Maswali ya wasomaji, na majibu yangu (—):

Kijana_Igogo: Mkuu haikubali.
— Nini haikubali? Weka perror() ikuoneshe kosa, ndipo urudi.

Kijana_Igogo: EADDRINUSE (anwani inatumika tayari), nikiwasha seva upya.
— setsockopt() na SO_REUSEADDR. KABLA ya bind().

Binti_Ukerewe: Kaka, kwa nini usimalize kila ujumbe kwa \n (alama ya mstari mpya) tu?
— Swali zuri, dada. Kwa maandishi matupu inafaa. SMTP, ya kutumia barua pepe, humaliza mistari yake kwa \r\n. Ila ukituma picha, baiti yenye thamani 10, ambayo ndiyo \n, itajitokeza katikati na kukukatia. Na bado utahitaji bafa (sehemu ya kuhifadhi kwa muda), maana recv() inaweza kukuletea nusu mstari.

Nyegezi_C: UDP, ile njia nyingine ya kutuma, si inatunza mipaka ya ujumbe?
— Inatunza, ila pakiti ikipotea imepotea. Kilo za watu hizo.

Kijana_Igogo: Nitumie programu yote basi.
— Hapana.

Binti_Ukerewe: Na umeme ukikatika mwaloni ghafla?
— recv() ya ofisini itasubiri tu. Weka SO_RCVTIMEO (kikomo cha muda wa kusubiri), na mwaloni andika kwenye faili kabla ya kutuma. Kibodi ifunike nailoni. Vumbi la dagaa limeshaniulia kibodi mbili.