Jifunze upumuaji kwa mapafu ya mbuzi, jerikeni na chokaa

Muulize kijana yeyote aliyemaliza shule ya msingi hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, hewa huingiaje kifuani. Wengi watakujibu kwamba mapafu ndiyo yanayoivuta. Lakini mapafu hayana msuli wa kuvuta hewa. Yatoe kifuani uyaweke mezani, yatalala palepale. Ninafundisha baiolojia ya sekondari, na jambo ninalolipigania kila mwaka darasani ni hili: hewa huenda yenyewe kutoka palipo na mgandamizo mkubwa kuelekea palipo na mgandamizo mdogo, na kila gesi iliyomo hufanya vivyo hivyo mpaka ndani ya damu. Mwanafunzi akilishika hilo, yaliyobaki hayakariri, anayaona. Asipolishika, atabeba "mbavu juu, diaframu chini" hadi kwenye chumba cha mtihani wa UNEB, baraza letu la mitihani la taifa, na kuyaacha humohumo.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, unataka mtoto ajifunze kwa kutenda. Shule nyingi za huku hazina maabara ya maana, na wazazi huniuliza wafanye nini nyumbani. Yote ninayoyaeleza hapa yanafanyika uani.

Anza na mwili wako. Lala chali kwenye mkeka, weka daftari nene juu ya kitovu, kisha vuta pumzi taratibu. Daftari linapanda. Hujajaza hewa tumboni. Diaframu, ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, imejikaza ikashuka na kusukuma viungo vya tumbo. Sasa weka viganja kwenye mbavu za chini, ncha za vidole zikigusana katikati, uvute tena. Vidole vinaachana. Kifua kimepanuka, hewa iliyokuwa ndani imepata nafasi kubwa zaidi, mgandamizo wake umeshuka, na ya nje inaingia mpaka pande mbili zilingane. Tofauti yenyewe ni ndogo sana: kwa pumzi ya kawaida ni kama milimita 1 tu ya zebaki, kipimo cha mgandamizo. Kuitoa ukiwa umetulia hakuna kazi, misuli inalegea na mapafu yanajirudi. Ukipuliza moto wa sigiri ndipo misuli ya tumbo inapoingia kazini, na utaisikia ukiweka mkono.

Ukitaka mtoto aone kwa macho, kata kitako cha chupa ya maji ya lita moja na nusu. Toboa kizibo, pitisha bomba la kalamu, funga baluni kwenye ncha ya bomba iliyo ndani, na uzibe pembeni kwa gundi ili hewa isivuje. Kitakoni tandaza kipande cha baluni kubwa au glavu, ukikaze kwa mpira. Ukishika glavu na kuivuta chini, baluni ya ndani inajaa ingawa hakuna aliyeipuliza. Ukiiachia, inanywea. Mwambie mtoto pia mahali chupa inapokosea: kuta zake hazisogei kama mbavu, na baluni ni mfuko mtupu, jambo ambalo mapafu siyo. Hilo la pili ndilo linalotupeleka buchani.

Agiza siku moja kabla. Mimi humwambia muuza nyama: "Hajji, kesho asubuhi niwekee mapafu ya mbuzi pamoja na bomba lake la hewa. Kisu kisipite popote." Kisu kikipita hata kidogo, hewa inavuja. Wakati mwingine mkaguzi wa nyama huyapasua kutafuta ugonjwa, na hiyo ni kazi yake ya kutulinda. Hapo chukua yenye upande mmoja mzima, na tawi la upande uliopasuliwa ulifunge kwa uzi.

Vaa glavu. Usipulize kwa mdomo hata ukihimizwa, maana mnyama anaweza kuwa na kifua kikuu, na mtu akijisahau akavuta pumzi, hewa ya mapafu yale inarudi kwake. Tumia pampu ya baiskeli, chombo kisichokosekana huku mashariki. Ingiza mpira wake kwenye bomba la hewa, kaza kwa kamba, weka mapafu ndani ya kaveera (mfuko wa plastiki) kubwa inayoonyesha, kisha pampu polepole. Utaona yakifura sehemu baada ya sehemu, na rangi yake iliyokoza ikigeuka waridi. Acha kupampu, chomoa mpira: yanajirudi bila kuguswa. Kule kujirudi ndiko kunakotoa pumzi yako usiku kucha ukiwa umelala. Lakini mkumbushe mtoto kwamba pampu inasukuma hewa ndani na kifua chake hakifanyi hivyo. Ndiyo sababu chupa ilitangulia.

Pitisha kidole juu ya bomba la hewa. Utahisi pete za gegedu zinazolizuia lisinywee. Kwa nyuma pete hizo hazifungi, kwa sababu hapo ndipo umio unapopita na tonge linahitaji nafasi. Ukilifuata bomba kwenda chini, mbuzi ana tawi la ziada linaloelekea pafu la kulia kabla bomba halijagawanyika mara mbili. Binadamu hana tawi hilo, basi lisichorwe kwenye daftari kama la mtu. Pafu letu la kulia lina sehemu tatu na la kushoto mbili, kwani moyo umechukua nafasi upande huo.

Sasa kata kipande cha ukubwa wa kidole gumba, ukitumbukize kwenye beseni la maji pamoja na kipande cha ini. Ini linazama, pafu linaelea. Likamue kwa nguvu ulirudishe majini, bado linaelea. Tazama sehemu iliyokatwa na utajua sababu: ni kama sifongo, matundu madogo juu ya matundu madogo, na hewa imenaswa humo. Kwako pia, hata ukitoa pumzi yote unayoweza, zaidi ya lita moja hubaki ndani. Ni vizuri ibaki, kwa sababu damu haiachi kupita hata wakati ule ambao huvuti.

Mwisho wa matawi hayo yote kuna vifuko hewa, kwa Kibaiolojia alveoli. Mtu mzima ana zaidi ya milioni 300, na kuta zake zikitandazwa zinafika kama mita 70 za mraba, zaidi ya sakafu ya darasa langu. Kila kimoja kimezungukwa na mishipa myembamba mno ya damu, kapilari, na ukuta unaotenga hewa na damu una unene wa takriban nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Ndani umelowa, na juu ya unyevu huo kuna utando wa mafuta na protini unaozuia vifuko visigandamane. Watoto wanaozaliwa kabla ya siku zao mara nyingi huwa na upungufu wa utando huo, ndiyo maana hupumua kwa taabu.

Ukimaliza, yafukie mapafu shimo refu au yachome. Usimtupie mbwa yakiwa mabichi. Mapafu ya mbuzi yanaweza kuwa na malengelenge ya tegu, mnyoo anayekomaa ndani ya mbwa na mayai yake kuwafikia watu.

Kupima pumzi kunakwenda haraka. Chukua jerikeni la mafuta ya kupikia la lita 5, lile linaloonyesha, ulijaze maji kwa chupa ya nusu lita huku ukiweka alama kila unapomimina. Ligeuze kifudifudi ndani ya beseni lenye maji, ingiza mpira mdomoni mwake, vuta pumzi mpaka mwisho, kisha pulizia yote. Watu wazima wengi hufika kati ya lita 3 na 5. Pumzi ya kawaida ni nusu lita tu, na kati ya hiyo kama mililita 150 huishia kwenye mabomba bila kufika kwenye vifuko hewa. Ndiyo maana anayehema harakaharaka kwa pumzi fupifupi hujichosha bure.

Jaribio la chokaa ndilo ninalolipenda kuliko yote. Tororo chokaa si shida, mawe yake yanachimbwa hapahapa. Nunua ya unga kutoka mfuko uliofungwa vizuri, kwa maana iliyokaa wazi muda mrefu imekwisha nguvu. Koroga kijiko kimoja katika lita ya maji, funika, iache mpaka kesho, kisha mimina taratibu yale maji maangavu ya juu. Chokaa huunguza macho, basi mtu mzima asimamie na mtoto apulize tu, asifyonze. Gawa maji katika glasi mbili. Moja ipulizie kwa mrija, ya pili ipampie hewa ya nje. Ya pumzi inageuka nyeupe upesi, ya pampu inabaki angavu kwa muda mrefu. Kinacholeta weupe huo ni kaboni dayoksaidi. Hewa ya nje ina oksijeni asilimia 21 na kaboni dayoksaidi asilimia 0.04. Unayoitoa ina oksijeni kama 16 na kaboni dayoksaidi kama 4. Usiwafundishe watoto kwamba tunavuta oksijeni na kutoa kaboni dayoksaidi peke yake. Naitrojeni, asilimia 78, inaingia na kutoka vilevile.

Endelea kupuliza baada ya weupe. Ukivumilia, maji yanaanza kuwa angavu tena, kwa sababu kaboni dayoksaidi iliyozidi inageuza ile chokaa kuwa baikaboneti inayoyeyuka. Sehemu kubwa ya kaboni dayoksaidi husafiri katika damu yako ikiwa katika umbo hilohilo la baikaboneti, kisha inageuka gesi tena ikifika mapafuni.

Turudi sasa kwenye ile kanuni ya kwanza. Usawa wa bahari, mgandamizo wa oksijeni ndani ya vifuko hewa ni kama milimita 100 za zebaki, na katika damu inayofika kutoka mwilini ni kama 40. Oksijeni inapita kuelekea kwenye damu, na himoglobini iliyo ndani ya chembe nyekundu inaidaka, molekuli nne kwa himoglobini moja. Kaboni dayoksaidi ina tofauti ndogo, kama 45 katika damu kwa 40 katika vifuko hewa, lakini inayeyuka kwa wepesi sana kuliko oksijeni, kwa hiyo inatoka bila shida. Damu hukaa kwenye kapilari chini ya sekunde moja, na theluthi ya muda huo inatosha.

Tofauti hiyo ndiyo inayopungua mtu akipanda mlima. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya bahari na hatuhisi kitu. Kilele cha Margherita kule Rwenzori kina mita 5,109: asilimia ya oksijeni ni ileile 21, ila mgandamizo wa hewa nzima ni karibu nusu ya ule wa pwani. Mwili unaokaa juu hujibu kwa kuongeza chembe nyekundu. Ukiwaeleza watoto hili, mtaje mwanariadha Joshua Cheptegei wa Kapchorwa, miteremko ya Mlima Elgon, aliyeweka rekodi za dunia za mita 5,000 na 10,000 mwaka 2020. Bila shaka kuna mazoezi mengi nyuma yake, lakini watoto huliona somo likiwa na uso.

Jaribio la mwisho: mtoto aketi na kubana pumzi, na mwenzake ahesabu. Kinachomlazimisha kuachia ni kaboni dayoksaidi inayorundikana na kuuamsha ubongo, kwa sehemu kubwa. Oksijeni bado ipo. Kwa sababu hiyo nawakataza kabisa vijana kuhema harakaharaka kabla ya kupiga mbizi ziwani au mtoni. Wanaifukuza kaboni dayoksaidi, hamu ya kupumua inachelewa, na oksijeni inaweza kuisha kabla hawajahisi lolote. Wanazimia majini.

Sigiri nayo. Makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, inayoshika himoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kifua kinapanda na kushuka kama kawaida, vifuko hewa ni vizima, lakini nafasi za oksijeni zimekaliwa. Usilale na sigiri ndani, hata ile unayodhani imezimika.

Na ujuzi ambao kila mzazi anaweza kuanza nao leo ni kuhesabu pumzi. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi. Funua kifua, tazama kinavyopanda, uhesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Mwenye umri chini ya miezi miwili akifika 60 au zaidi, wa miezi miwili hadi kumi na moja akifika 50, wa mwaka mmoja hadi mitano akifika 40, na ana kikohozi au anapumua kwa shida, huenda ni nimonia. Mwone mhudumu wa afya wa kijiji, wale wa VHT, au nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Mtoto ambaye hajafikisha miezi miwili mpeleke kituoni moja kwa moja. Na ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila mtoto anapovuta pumzi, usihesabu tena. Chukua boda uende.