Kutambua mwani mwekundu wa Ghuba ya Mikindani bila kudanganywa na rangi

Mwani unaofungwa kwenye kamba pwani ya Mtwara na Lindi mara nyingi ni wa kahawia, na mwingine ni kijani kabisa. Hata hivyo ni mwani mwekundu, faila ya Rhodophyta. Wekundu hutokana na fikoerithrini, rangi nyekundu iliyo ndani ya mwani, na mahali penye jua kali hupungua au hufunikwa na rangi nyingine. Ukipanga kwa macho tu, utakosea.

Shuka pwani siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanapokupwa sana kwenye saa nne asubuhi. Chukua ndoo ya maji ya bahari. Maji ya kisima yasiyo na chumvi hupasua seli na rangi huvuja kabla hujaanza kazi. Kijiji cha Msimbati, Mtwara, ni ndani ya hifadhi ya bahari, kwa hiyo omba kibali kwanza.

Tenga nyasi za bahari: zina mizizi na mishipa ya majani, mwani hauna. Kisha twanga gramu 20 za mwani mbichi, tia mililita 50 za maji yasiyo na chumvi, acha saa moja kivulini, uchuje kwa kitambaa cheupe. Maji yakiwa ya waridi, na ukiyatazama kwa ubavu juani yakatoa mng'ao wa rangi ya chungwa, hiyo ni fikoerithrini. Usitumie maji moto. Fikoerithrini ni protini, joto kali huiharibu. Mwani uliopaushwa na jua pia hautoi kitu.

Mwani mwekundu wenye rangi ya kijani huenda usitoe waridi. Hapo pima wanga: kata kipande chembamba, kiloweke kwenye spiriti ya duka la dawa mpaka kipauke, kisha dondoshea iodini. Wanga wa mwani mwekundu huwa wa kahawia nyekundu au zambarau. Wa mwani wa kijani huelekea bluu nyeusi.

Sasa panga ndani ya ngeli ya Florideophyceae, kundi kubwa la mwani mwekundu. Matawi yenye miiba iliyozunguka kama pete ni spinosamu, Eucheuma denticulatum. Manene, yenye nyama na miiba michache, ni kotonii, Kappaphycus alvarezii. Zote ni familia ya Solieriaceae. Ukiwa na shaka, osha gramu 20 za mwani mkavu mpaka chumvi iishe, chemsha saa moja kwenye nusu lita ya maji, chuja, uache upoe. Jeli ya kotonii hushikana na kuvunjika, ya spinosamu hubaki laini na kunyumbuka, kwa sababu karajinani zao, yaani viini vinavyogandisha jeli, ni tofauti. Ikibaki uji tu, ongeza muda wa kuchemsha au punguza maji.

Gracilaria, mwani mwekundu wenye agari (kiini kingine cha jeli), ni ya oda nyingine. Tafuta vichunusi kwenye matawi: huonyesha mimea ya kike iliyokwisha kurutubishwa, na ndani yake ndimo spora, chembe za uzazi, hutengenezwa. Shahawa za mwani mwekundu hazina mkia, hubebwa na maji.

Vipande vigumu kama matumbawe, vyenye vifundo, huenda ni Corallinales, oda ya mwani mwekundu wenye chokaa. Siki huvitoa mapovu, lakini Halimeda, ambayo ni ya kijani, nayo hutoa mapovu. Usiamue kwa siki peke yake. Tazama ikiwa mbichi: Halimeda hai ni kijani, vipande vyake bapa vimeunganika kama shanga, ilhali Corallinales hai huwa ya waridi.