Taa ya O/D OFF ikipepesa, usikimbilie kushusha giaboksi

Toyota za zamani za otomatiki, zile za kabla ya soketi ya OBD2 (ya kuchomeka mashine ya uchunguzi), zinajieleza zenyewe: taa hiyo ya dashibodi hupepesa kodi, yaani namba ya hitilafu. Washa swichi bila kupiga moto, hakikisha kitufe cha O/D (ovadraivu, gia ya juu) kimebonyezwa ndani, kisha unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya kwenye kiboksi cha uchunguzi chini ya boneti. Soma majina kwenye mfuniko kwanza. Ukikosea tundu unaweza kuunguza kitu.

Hesabu mipepeso. Sita, kituo, halafu miwili ni kodi 62: solenoidi (vali ya umeme ndani ya giaboksi) namba 1. 63 ni namba 2, 64 ni ya lokapu (inayofunga toki konvata). 42 na 61 ni sensa za mwendo.

Hapo watu wengi hununua sensa. Subiri. Kwa gari linalolala pwani ya Zanzibar, kama Nungwi au mji wa Mkoani, chumvi ya bahari huingia kwenye soketi na pini zinaota kutu ya kijani. Chomoa soketi ya giaboksi, sugua pini kwa mswaki wa meno, zikauke kabisa. Kagua na waya wa ethi kati ya injini na bodi, maana huo ukilegea kodi hutokea ovyo.

Kisha pima solenoidi kwa mita ya umeme, pini hadi bodi ya giaboksi: kwa nyingi ni omu 11 hadi 15 ikiwa baridi. Ikisoma sifuri imeshoti. Isiposoma kitu, waya umekatika, pengine nje tu.

Ukimaliza chomoa fyuzi iliyoandikwa EFI sekunde 10, swichi ikiwa imezimwa, kufuta kodi.