SOMO: Pima shabaha ya bunduki yako ya upepo ya springi kabla ya kuifungua

Wakuu, somo hili ni la bunduki za upepo zinazotumia springi, ziwe za kukunja mtutu au za wenzo wa chini na pembeni. Zile za kujazwa hewa ya mtungi hazimo, tabia yake ni nyingine kabisa.

Naomba mlishike hili tangu mwanzo: usifungue bunduki mpaka uwe umeipima na kuandika inachofanya. Watu wanakimbilia kubadilisha springi wakati tatizo ni skrubu ya kitako iliyolegea, au ni risasi ambazo mtutu ule hauzitaki. Bila vipimo vya kabla, hutajua hata kama umeitengeneza au umeiharibu.

Inavyofanya kazi

Unapokoki, pistoni inarudi nyuma na kuibana springi. Ukivuta triga, springi inaisukuma pistoni mbele, hewa inabanwa kwenye silinda kwa kufumba na kufumbua, inapanda joto na kuitoa risasi. Pistoni inapokimbia mbele, bunduki nzima inarudi nyuma. Pistoni inapogota kwenye hewa iliyobanwa, bunduki inarushwa mbele. Mtikisiko huo unaanza risasi ikiwa bado ndani ya mtutu, kwa hiyo namna ulivyoishika bunduki inaamua tundu litakaa wapi.

Hapo hapo mtaelewa kwa nini hatufyatui bunduki hizi bila risasi. Risasi ndiyo inayozuia hewa isitoke upesi, na hewa hiyo ndiyo mto wa pistoni. Isipokuwepo, pistoni inagonga chuma kwa nguvu yote ya springi.

Hatua ya 1: Kaza, kagua, safisha

Hakikisha haina risasi na haijakokiwa. Kaza skrubu za kitako, mbili za mbele pembeni na ile ya karibu na triga. Kaza kwa kiasi tu, maana ukizidisha utapasua mbao. Kama zinalegea kila mara, safisha nyuzi zake na uweke tone la gundi ya skrubu, ile inayofunguka kwa bisibisi.

Kwenye bunduki ya kukunja, ukunje mtutu nusu halafu uutikise kulia na kushoto. Ukicheza, kaza bolti ya bawaba. Kagua sili ya nyuma ya mtutu, pale unapoingizia risasi. Weka kipande chepesi cha karatasi laini juu ya maungio, elekeza mdomo kwenye kizuizi cha risasi, kisha fyatua risasi ya kawaida. Karatasi ikiruka, hewa inavuja hapo.

Pitisha kitambaa kikavu ndani ya mtutu kutoka nyuma kwenda mbele mpaka kitoke safi. Baada ya kusafisha, piga risasi kadhaa bila kuhesabu, maana mtutu uliosafishwa hautulii mara moja.

Hatua ya 2: Mahali na mshiko

Tafuta mahali pasipo na upepo, ndani ya jengo ikiwezekana. Weka kizuizi kinachomeza risasi. Ukuta mgumu hurudisha vipande vya risasi usoni. Vaa miwani ya kinga, wewe na kila aliye karibu.

Sasa mshiko, na hapa naomba utulivu wenu. Usiibane bunduki kwenye meza wala kuilaza moja kwa moja juu ya mfuko mgumu wa mchanga. Weka kiganja kilicho wazi juu ya mfuko, bunduki ilale juu ya kiganja bila vidole kuikamata. Mkono wa triga uwe mwepesi, kitako kiguse bega bila kusukumwa, shavu liguse tu. Tunataka bunduki iruke jinsi ilivyozoea, kila mara vilevile. Tia alama ya chaki au utepe mahali kiganja kinapokaa. Ukikisogeza sentimita chache mbele au nyuma, kundi zima la matundu linaweza kuhama au kutawanyika. Kila bunduki ina sehemu yake inayoipenda, nyingi karibu na mbele ya triga, nyingine mbele zaidi. Itafute kwa subira.

Angalia na hili: kabla ya kila mpigo, fumba macho, tulia, fumbua. Kama alama ya kulengea imehama kutoka kwenye shabaha, ulikuwa unailazimisha kwa misuli. Sogeza mwili mzima, usipinde mkono.

Hatua ya 3: Piga na upime

Anza mita 10, kisha uende mita 25. Piga makundi ya risasi 10. Kundi la 3 linapendeza machoni lakini linadanganya: bunduki ileile, mpigaji yuleyule, kundi la 10 kwa wastani huwa pana kuliko la 5 kwa karibu robo, na kuliko la 3 kwa zaidi ya nusu. Anayejisifu kwa matundu matatu yaliyogusana hajaonyesha kitu bado.

Kupima ni rahisi. Chukua umbali kati ya kingo za nje za matundu mawili yaliyoachana zaidi, toa kipenyo cha risasi (milimita 4.5 au 5.5), na unachobaki nacho ni umbali wa kati kwa kati. Andika karatasini: tarehe, risasi, umbali, mahali pa kiganja. Usitupe tundu lililotoka nje ya kundi kwa kisingizio kwamba "hilo lilikuwa langu". Labda lilikuwa lako, labda ni bunduki. Makundi mengine yatasema.

Kwa macho yangu, bunduki nzuri ya springi iliyotulia ikiweka risasi 10 ndani ya milimita 8 kwenye mita 10 na ndani ya 20 kwenye mita 25, mpigaji hana sababu ya kuifungua.

Hatua ya 4: Risasi

Hapa ndipo pesa kidogo huleta mabadiliko makubwa. Nunua kopo moja moja la aina mbalimbali na uzito tofauti. Kwa kipenyo cha 4.5 wengi huanzia karibu gramu 0.5, kwa 5.5, karibu gramu 0.9 hadi 1. Zenye kichwa cha duara hushika njia vizuri kwa mbali. Zenye kichwa bapa hutoboa karatasi kwa tundu safi na ni nzuri mita 10, ila zikipita mita 25 mara nyingi hupotea. Tazama sketi, yaani upande wa nyuma wa risasi: iliyopindika weka kando. Ukiisukuma kwa kidole uisikie inaingia kwa ukinzani uleule kila mara. Moja ikidumbukia na nyingine ikikataa, usitegemee kundi.

Kila ukibadili aina, piga kwanza risasi kumi hivi za kuuzoesha mtutu ndipo uanze kuhesabu. Na nawa mikono ukimaliza, ni madini ya risasi hayo.

Hatua ya 5: Soma kundi

Matundu yakipangana juu na chini, shuku kasi inayobadilika, kiganja kinachohama, au bawaba iliyolegea. Yakitanda kulia na kushoto, shuku kidole cha triga, shavu, au upepo. Makundi mawili yaliyotengana kwenye karatasi moja karibu kila mara ni darubini au vishikio vyake. Mtikisiko wa mbele na nyuma huzivunja darubini zilizotengenezwa kwa bunduki zinazorudi nyuma tu, na huvisukuma vishikio kwenye reli. Chora mstari wa penseli nyuma ya kishikio. Ukiona nafasi imetokea, umeshampata mwizi.

Hatua ya 6: Kipima kasi

Kama una kifaa cha kupima kasi, piga 10 na uangalie tofauti kati ya kubwa na ndogo. Mfano: risasi ya gramu 0.52 kwenye mita 240 kwa sekunde ina nguvu ya takriban jouli 15. Sasa tuseme kasi inayumba kwa mita 12 kwa sekunde. Kwenye mita 10 risasi itashuka zaidi kwa chini ya milimita 1, hutaiona. Kwenye mita 25 ni takriban milimita 6. Ndiyo maana bunduki inayoonekana nzuri karibu inakuja kuaibika mbali. Tofauti ya mita 3 au 4 ni nzuri sana. Ikifika 12 na risasi ni bora, basi kuna sababu ya kutazama ndani.

Hatua ya 7: Ndani, ikibidi

Springi ndani ya bunduki imebanwa hata isipokokiwa. Usifungue bila kibanio cha springi; kifuniko cha nyuma kinaweza kuruka na kukuumiza vibaya. Ukishafungua, tazama sili ya pistoni kama imekatika au kuungua, na springi kama imepinda: ibiringishe juu ya kioo utaona. Ondoa makali kwenye mkato wa silinda kabla ya kurudisha sili mpya, la sivyo utaikata siku hiyo hiyo. Grisi yenye molibdenamu, kidogo sana, iwekwe panaposuguana chuma kwa chuma. Grisi nzito ya kunata ipakwe juu ya springi kupunguza ule mlio wa kutetema. Mbele ya sili ya pistoni usiweke mafuta yoyote.

Badilisha kitu kimoja, funga, piga, andika. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja hujui kipi kimesaidia.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, yangu ni mpya, inatoa moshi na harufu ya mafuta yaliyoungua, halafu inalia kama baruti. Niirudishe?

Jibu: Moshi kidogo mwanzoni ni wa kawaida: mafuta ya kiwandani yanaungua kwa joto la hewa inayobanwa. Piga risasi nzito kiasi mpaka yaishe, na usipime kundi lolote sasa, kasi itakuwa inarukaruka. Mlio mkali wa baruti ukiendelea, acha kupiga na ipeleke kwa fundi, maana unaharibu sili na springi.

Swali: Shikamoo mwalimu. Nikiweka darubini, hata nikiizungusha hadi mwisho bado inapiga chini.

Jibu: Marahaba. Bunduki nyingi za kukunja mtutu zina mtutu ulioinama kidogo ukilinganisha na reli. Usiupinde mtutu. Tumia vishikio vyenye mwinamo, virudishe darubini karibu na katikati ya mizunguko yake. Ikikaa mwishoni kabisa haishiki mahali.

Swali: Nataka niweke springi kali zaidi ipige mbali. Ushauri?

Jibu: Sikushauri, ndugu yangu. Springi kali inaongeza mtikisiko na uzito wa kukoki, na mara nyingi kundi linapanuka. Kisha kuna sheria. Ujerumani bunduki ya upepo inayouzwa bila kibali mwisho wake ni jouli 7.5, na Uingereza ikizidi takriban jouli 16.3 inahesabiwa silaha inayohitaji cheti. Uliza sheria ya ulipo kabla ya kugusa nguvu yake.

Swali: Niliiacha imekokiwa usiku kucha, springi imekufa?

Jibu: Usiku mmoja hauiui, ila inachoka kidogo kidogo ukifanya mazoea, na bunduki iliyokokiwa ni hatari nyumbani. Ifyatue kwa risasi kwenye kizuizi salama, usijaribu kuilegeza kwa mkono. Halafu pima kasi na ulinganishe na daftari lako.

Swali: Naingiza risasi nikiwa nimeuacha mtutu ujishikilie wenyewe. Kuna ubaya?

Jibu: Upo, na mkubwa. Mshikilio ukiteleza, mtutu unarudi kwa nguvu ya springi yote na vidole viko katikati. Mkono mmoja uushike mtutu muda wote, wa pili uingize risasi. Kwa zile za wenzo shika wenzo, usiuachie mpaka kidole kimetoka ndani.