Wawili Ulaya: mfuko mmoja, na tiketi igongwe muhuri

Mkiwa marafiki wawili mnazurura Ulaya kwa treni, wekeni mfuko mmoja. Kila asubuhi kila mtu atie euro sawasawa. Kahawa, vitafunio na tiketi za basi vitoke humo. Mtaacha kudaiana senti za aiskrimu mbele za watu.

Italia kaeni macho. Tiketi ya karatasi ya treni za mikoani lazima igongwe muhuri kwenye kimashine cha stesheni kabla hamjapanda. Ichomekeni mpaka isikike ikigongwa, kisha mtazame kama tarehe na saa zimetokea. Mkaguzi akikuta tiketi haina muhuri, anaweza kuwapiga faini hata kama mmelipa nauli. Roma msihangaike kununua maji, jazeni chupa kwenye mabomba ya mitaani; ni safi, tena baridi.

Luxembourg ndiko raha yenyewe: tangu 2020 treni, basi na tramu ni bure, mwenyeji kwa mgeni, ila daraja la kwanza la treni mnalipia. Uswisi wana faranga zao, kwa hiyo huko ule mfuko wa euro upumzike, tumieni kadi.