Kabla ya kuitegemea nakala rudufu ya hifadhidata

Mfanyabiashara wa dagaa wa Kirumba Mwaloni, soko la samaki la Mwanza, ambaye mizani, madeni na malipo ya wavuvi wake vyote vimo katika hifadhidata moja, aanze na maswali mawili ambayo hakuna programu itakayomjibia: seva ikifa saa tano asubuhi, ununuzi ukiwa umepamba moto, yuko tayari kuandika upya miamala ya muda gani kutoka kwenye vitabu vya risiti, na ofisi itahimili saa ngapi bila mfumo? Anayetoa nakala mara moja kila usiku amekwisha kukubali, ajue asijue, kwamba kazi ya siku nzima inaweza kupotea.

Asiyekubali hasara hiyo atalazimika kuhifadhi pia logi za mabadiliko, yaani kumbukumbu za kila badiliko la data, ambazo katika PostgreSQL huitwa WAL na katika MySQL, programu nyingine ya hifadhidata, ni logi za binari, kwa kuwa ndizo zinazomwezesha kuirudisha hifadhidata hadi dakika chache kabla ya karani kufuta jedwali la madeni kwa bahati mbaya. Hapa wengi hujikwaa: WAL haiwekwi juu ya faili la pg_dump, zana ya PostgreSQL inayotoa data kama maandishi au faili la kuhamishia, bali juu ya nakala ya msingi ya faili za seva yenyewe, kama ile inayotolewa na pg_basebackup.

Kunakili tu folda ya data wakati seva inafanya kazi si njia salama, kwani faili moja huweza kunakiliwa kabla ya muamala na jingine baada yake. pg_dump huchukua data kama ilivyokuwa wakati ilipoanza, hata makarani wakiendelea kuandika. mysqldump, zana kama hiyo ya MySQL, nayo hufanya hivyo ikipewa chaguo la --single-transaction, lakini kwa majedwali yaliyohifadhiwa kwa mfumo wa InnoDB tu. Mfumo wa zamani wenye majedwali ya MyISAM, aina ya zamani ya kuhifadhi majedwali, haulindwi na chaguo hilo. Ikumbukwe pia kwamba pg_dump haibebi watumiaji na nywila zao, hivyo pg_dumpall yenye --globals-only iendeshwe kando.

Kuhusu mahali pa kuhifadhi, kanuni iliyozoeleka ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali. Diski iliyoachwa imechomekwa kwenye seva si nakala ya pili kwa maana yoyote ya kweli, maana radi ya msimu wa mvua huku ziwani haitaichagua seva na kuiacha diski. Nakala ya mbali isimbwe ili asiye na ufunguo asiweze kuisoma, kwa sababu ina namba za simu na madeni ya watu, na ufunguo wake usikae ndani ya seva ileile.

Muda wa kurejesha hupimwa, haukisiwi. Nakala ya gigabaiti 40 iliyo kwenye wingu, kwa laini inayopokea megabiti 10 kwa sekunde, itachukua karibu saa tisa kushuka tu, kabla hata ya kuanza kujenga upya faharasa zinazoharakisha utafutaji. Jaribio lifanyike kwenye mashine nyingine, kamwe si ile inayotumika, yenye PostgreSQL ya toleo kuu lilelile; nakala ya pg_dump pekee ndiyo hukubali pia toleo jipya zaidi. Kisha zihesabiwe safu mlalo za kila jedwali, na risiti ya mwisho kabla ya nakala kutolewa ilinganishwe na kitabu.

Maelekezo ya hatua zote yachapishwe kwenye karatasi, kwani mara nyingi faili lenye maelekezo hayo huwa limehifadhiwa kwenye seva iliyokufa.