Mifuko ya ruzuku: namna ya kuhoji daftari la kijiji

Ukitaka kujua ruzuku ya mbolea imemfikia nani, usianze na bajeti ya wizara. Anza na jina lako.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa mahindi huku Muheza, mkoani Tanga, Tanzania, na kila msimu nakutana na watu wanaodhani ruzuku ni hela anayokabidhiwa mkulima. Sivyo. Katika mpango ulioanza 2022, serikali humlipa anayeleta mbolea, sisi tunanunua kwa bei iliyopunguzwa. Msimu ule wa kwanza mfuko wa mbolea ya DAP wa kilo 50 ulikuwa zaidi ya shilingi 130,000 sokoni, tukauziwa 70,000. Hizo 60,000 na ushei zinadaiwa serikalini kwa jina la mkulima. Mfuko ukitoka dukani kwa jina lako na shambani kwako haukufika, kuna mtu kalipwa kupitia mgongo wako.

Basi nenda kwa mtendaji wa kijiji, umwombe akuonyeshe ulivyoandikwa kwenye daftari la wakulima wa ruzuku. Tazama ekari kwanza, kwa sababu mgawo wa mifuko unafuata ekari. Mama mwenye ekari 1.5 akiandikwa 15, nukta moja tu imedondoka, lakini jina lake sasa linabeba mbolea ya shamba asilokuwa nalo. Kisha namba ya simu. Unaponunua, namba ya siri hutumwa kwenye simu iliyosajiliwa. Ikiwa simu hiyo si yako, anayepokea namba ya siri ndiye mwenye mbolea yako. Kina bibi wengi huku wamejiandikisha kwa simu za wajukuu, na mjukuu yuko Dar. Hilo lirekebishwe kabla ya msimu. Na wakala, yaani muuza mbolea ya ruzuku, akikupigia akitaka umtajie namba ya siri nawe hujaja dukani, kata simu.

Risiti tunza. Mashine ya risiti ikiwa "mbovu", kama inavyokuwa mara nyingi, andika mwenyewe kwenye daftari la shule: tarehe, duka, aina ya mbolea, mifuko, bei.

Kazi yenyewe iko kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hufanyika kila miezi mitatu. Mkazi yeyote mwenye miaka 18 au zaidi ana haki ya kukaa pale na kuuliza. Usiulize "mbolea ilikuja?" Utajibiwa ilikuja, watu watapiga makofi. Sema hivi: "Shikamoo mwenyekiti. Naomba orodha ya walionunua mbolea ya ruzuku isomwe, jina, ekari na mifuko, na ombi langu liingie kwenye muhtasari." Jumla ya mifuko ya kijiji haimshtui mtu. Jina la marehemu likisomwa na mifuko sita, hata waliokuwa wanasinzia nyuma wataamka.

Simu na namba za vitambulisho zisisomwe, wala usiipige picha orodha ukairusha kwenye makundi ya WhatsApp. Matapeli wanazitafuta hizo kuliko mbolea.

Mkiambiwa orodha iko wilayani, andikeni barua kwa mkurugenzi wa halmashauri. Itajeni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayompa raia haki ya kuomba taarifa na kuipa ofisi siku 30 za kujibu. Ombeni kitu kimoja kinachoshikika: mauzo ya mbolea ya ruzuku kwa kijiji fulani, msimu fulani, kwa kila wakala. Barua ya "tunataka uwazi" hujibiwa kwa hotuba. Toeni nakala mbili, na ya kwenu igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Siku zinahesabiwa kuanzia hapo.

Majina ya wafu na ekari za kuvimba zikijitokeza, msigombane na muuza duka. Piga 113, TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, simu ni bure, na peleka madaftari na muhtasari wa mkutano.

Barua ya mkurugenzi iandikeni Januari. Siku 30 zikiisha, masika bado haijaanza, na mifuko mingine itakuwa haijatoka ghalani.